Pumzi za Zdena

Mzee Hlavinka alivua hedfoni, akaziweka mezani taratibu, akasema, "Huyu siye."

Bohdana alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake na soksi miguuni, viatu kaviacha mlangoni kama mtu yeyote mwenye adabu hapa Brno, na tabasamu lilikuwa bado limemjaa usoni. Alikuwa ameshuka ngazi mbilimbili kutoka kwake ghorofa ya tatu ili aje kusifiwa.

"Siye kivipi, mzee wangu? Ni Zdena yule yule. Rekodi ni zile zile, sijagusa hata moja."

"Binti, mwanamke huyu ananisomea miaka tisa sasa. Barua, magazeti, karatasi za dawa. Marehemu mke wangu hakuwahi kuongea nami kiasi hicho, na tulipendana. Mimi nisimjue?" Akapapasa waya, akauchomoa, sauti ikahamia kwenye spika. "Haya, sikiliza mwenyewe."

Kompyuta ilikuwa inasoma habari za hali ya hewa. Mvua, ikavuta pumzi. Upepo wa, ikavuta pumzi, kaskazini. Mzee Hlavinka haoni, na kama wenzake wengi wasioona husikiliza kwa kasi ambayo wewe na mimi tungesikia mvumo tu. Kwa kasi hiyo zile pumzi zilikuwa zinakata maneno vipande vipande.

"Kama mtu aliyepanda hizi ngazi zetu na gunia la viazi," alisema mzee. "Mgonjwa huyu. Umemfanya nini?"

Jana yake tu Bohdana alicheza peke yake jikoni kwa furaha, na sasa alitamani sakafu immeze.

Mchana Bohdana huchora ramani za mabomba katika ofisi ya maji. Saa zake nyingine zote, ambazo watu wengine huzitumia kuolewa au kupanda nyanya, huzitoa kwa mradi wa Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, ambao yeye na wenzake wa kujitolea huutengeneza na kuugawa bure kwa atakaye. Kazi yake ni vifurushi. Programu huja ikiwa malighafi tu. Mtu wa vifurushi ndiye huandika maelekezo ya kuigeuza kitu kinachowaka mtu akibonyeza. Bohdana ana vifurushi vingi, lakini kimoja ndicho humfanya alale vizuri, nacho ni kile cha sauti ya Zdena, kwa sababu mtumiaji wake anaishi ghorofa ya chini na humletea maandazi ya mbegu za mipopi kila mwaka siku ya mtakatifu wa jina lake.

Kifurushi hicho kina hatua mbili. Ya kwanza huchukua rekodi za mwanamke aitwaye Zdena akisoma sentensi, na kuzigeuza kuwa sauti inayoweza kusema lolote. Ya pili huichukua sauti hiyo na kuitia ndani ya programu ya kusomea. Na kila hatua hufanyika peke yake, kwenye kompyuta ya mradi iliyofutwa ikawa tupu kabisa, ambayo wenyewe huiita chumba. Hakiingii chumbani ila kilichoombwa kwenye maelekezo. Hatua ikiisha, chumba kinafagiwa, na kilichotengenezwa humo kama hakuna aliyekiomba kinatupwa. Watu wa vifurushi ni wakali juu ya jambo hili kuliko mapadri juu ya mkate wa misa, maana wanataka mtu yeyote duniani aweze kurudia kazi yao akapata kitu kile kile, bila kumwamini mtu kwa uso wake.

Kumbe kwa miaka yote ile sauti ya hatua ya kwanza ilikuwa inatupwa. Hakuna aliyeiomba. Bohdana aligundua hayo mradi ulipokaza kamba kabla ya toleo jipya na kukataza vitu vilivyokwisha kutengenezwa kukaa ndani ya malighafi. Kifurushi cha Zdena kikafa palepale: hatua ya pili ililia kwamba haioni sauti. Alipochimba, akakuta kwamba Radovan Pokluda, aliyekuwa na kifurushi hiki kabla yake, aliitengeneza sauti nyumbani kwake, kwenye mashine yake, akaipenyeza katikati ya malighafi, na hatua ya pili ikawa inajichotea humo. Hatua ya kwanza ilihangaika bure kila mara, ikatoa sauti, ikafagiwa.

Basi Bohdana akafanya inavyotakiwa. Aliandika mstari mmoja: hatua ya pili iombe kile kilichotoka katika hatua ya kwanza. Chumba kikakubali, taa ikawa ya kijani, akacheza jikoni. Na sasa huyu mzee anamwambia siye.

"Ijumaa adhuhuri milango inafungwa," alimwambia. "Kifurushi kisichopita hakimo kwenye toleo."

"Nikibaki na la zamani?"

"La zamani halilindwi tena, na benki yako imeshalikataa. Nitakuwekea jipya, ila kama Zdena hayumo utasomewa na ile sauti nyingine."

"Ipi?"

"Ya yule bwana wa Prague."

Watu wa Brno na wale wa mji mkuu, Prague, hawaivi chungu kimoja. "Mtu wa Prague," alisema mzee Hlavinka, "anisomee mimi, nyumbani kwangu, barua za mwanangu. Afadhali niwe kiziwi pia." Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali, na mkono wake ulikuwa unapapasa zile hedfoni. "Binti, usicheke. Asubuhi nikiwasha, yeye ndiye mtu wa kwanza. Wakati mwingine ndiye wa mwisho pia."

Bohdana hakuwa anacheka hata kidogo.

Alimwandikia Radovan jioni ile ile. Ulizifanya nini rekodi? Jibu lilikuja haraka: Irudishe ile sauti yangu, achana na mengine. Akamwandikia kwamba sheria haimruhusu. Radovan akakaa kimya. Bohdana akakumbuka siku aliyokabidhiwa kifurushi kile, kwenye baa, Radovan akifuta povu la bia kwenye ndevu: "Hatua ya pili usiiguse." Alidhani ni majivuno. Na kwa kuwa watu wa kazi hii wana desturi kwamba kinachojengeka hakichokonolewi, hakuigusa, wala hakuuliza. Ubaya wa desturi nzuri ni huo, mtu anaweza kujificha nyuma yake kwa miaka.

Alhamisi aliomba ruhusa kazini, akapanda basi la kwenda bondeni kwa mto Dyje, Radovan alikokuwa na kibanda chake cha mapumziko na miti yake ya plamu. Alimkuta uani, amevaa aproni, akikoroga jamu kwenye sufuria kubwa la shaba juu ya moto wa kuni. Radovan alimwona akiingia getini, akatazama huku na huku mfano wa mtu anayetafuta pa kukimbilia. Lakini jamu ya plamu ina masharti yake. Huanza alfajiri, huisha jioni, na katikati hapo mwiko ukisimama tu inashika chini, na kazi ya siku nzima inakuwa ya kuku.

"Umekuja kunikagua," alisema Radovan.

"Nimekuja kula jamu."

"Bado."

"Basi nitasubiri. Nina siku nzima, na wewe pia naona huendi popote."

Radovan alikoroga. Alikuwa amenenepa tangu waonane mara ya mwisho, na ndevu zimeingia mvi. "Weka sauti yangu, Bohdana. Itapita. Nani atajua?"

"Chumba kitajua. Na hata kisingejua, mimi nimeshajua. Sasa niambie, kwa nini yangu inahema na yako haihemi? Rekodi ni zile zile."

"Sizo."

"Rado, nimezilinganisha—"

"Ulizonazo wewe ni zile alizosoma. Nilizotumia mimi nilizikata." Hakumtazama. "Nilitoa pumzi. Zote. Halafu nikatengeneza sauti kwa zile zilizokatwa. Diski ikaja ikafa na hizo zilizokatwa zikaenda nayo, ikabaki sauti tu. Umeridhika?"

Bohdana aliketi kwenye gogo la kupasulia kuni. Ilikuwepo hatua ya katikati, basi. Iliyofanywa kwa mkono wa mtu, isiyoandikwa popote. Katika kazi yao hakuna dhambi kubwa kuliko hiyo, na maneno makali yalimjia hadi kwenye ncha ya ulimi. Alimtazama Radovan usoni, akayameza.

"Zdena ni nani?" aliuliza badala yake.

"Dada yangu." Mwiko ulizunguka. "Alikuwa anatangaza mabasi pale stendi. Wewe umeshamsikia, umri wako huo, labda amekuelekeza basi la skauti. Alipoanza kuugua mapafu wakamwachisha. Akakaa nyumbani bila wa kumtangazia. Nikamwambia njoo tutengeneze sauti, wasioona wanasomewa na mtu wa Prague. Akasema, hilo haliwezi kuachwa hivihivi." Radovan alitabasamu, tabasamu likafutika. "Tulirekodi chumbani kwake. Kila siku pumzi zinaongezeka. Akaniambia, Rado, watu wasinisikie nikihema. Mtangazaji hahemi. Nikamwahidi."

"Na ukatimiza."

"Baada ya mazishi." Alikohoa, kwa sababu ya moshi au vinginevyo. "Sikuweza kuzisikiliza. Nilizima spika nikakata kwa macho, kwa ile michoro ya sauti, milima na mabonde yake. Pumzi ina umbo lake, unaitambua. Nilikata nikimaliza chupa ya slivovice, ile pombe yetu kali ya plamu. Sijamsikia tangu siku hiyo. Hata hiyo sauti iliyotoka sijaisikia. Nilikukabidhi ili isikae kwangu."

Kuku walipita wakichakura chini ya miti. Bohdana alifikiria kurudi Brno na basi la adhuhuri, kumwekea mzee Hlavinka sauti ya Prague na kumwacha huyu mtu na jamu yake. Ingekuwa huruma ya aina fulani. Kisha akauona mkono wa mzee ukipapasa hedfoni.

"Yupo mzee mmoja ghorofa ya chini kwangu," alisema. "Haoni. Kila asubuhi dada yako ndiye mtu wa kwanza kumsemesha. Jana nilimpelekea Zdena anayehema. Unajua alisemaje? Alisema, mgonjwa huyu, umemfanya nini."

Mwiko ulisimama.

"Jamu!" alisema Bohdana, akaruka kutoka kwenye gogo. Alimnyang'anya mwiko, akaanza kukoroga kwa nguvu hadi chini kabisa. "Haijashika. Bado kidogo tu. Nenda ndani ukaoshe mikono. Laptopu yangu imo kwenye begi, rekodi zimo. Utaweka alama kila pumzi inapoanzia na inapoishia, alama hizo zitakaa kwenye malighafi, na hatua ya katikati itakata kufuata alama. Wazi, mbele ya watu wote. Mimi nitakoroga."

"Hujui kukoroga."

"Bibi yangu alikuwa na sufuria kubwa kuliko hili."

"Bohdana. Kwa macho tena naweza. Kwa masikio siwezi."

"Ukikata kwa macho utakata na maneno. Nimemsikia Zdena wako kwa miaka, anameza miisho. 'Asante' yake ina mkia mfupi. Nilidhani ndivyo anavyoongea."

Hilo lilimchoma kuliko yote. Alisimama pale, mikono imemning'inia, mtu mzima wa watu. Kisha akaingia ndani, akatoka na laptopu, akaiweka juu ya rundo la kuni, akaketi na kuweka hedfoni masikioni. Alikaa muda mrefu kidole kikiwa juu ya kitufe. Bohdana aligeukia jamu ili asimtazame. Aliposikia kitufe kikibonyezwa, hakugeuka bado.

Walifanya kazi hivyo mpaka jua likahamia upande wa pili wa ua. Bohdana alikoroga mpaka mabega yakawaka moto, akajifunza kwamba bibi yake alikuwa mwanamke shupavu. Mara moja moja alimsikia Radovan akivuta kamasi, na mara moja, ajabu, alimsikia akicheka peke yake. "Amekosea hapa," alisema, "akatukana, akarudia. Lo, tusi lenyewe!" Alipogeuka alimwona uso umelowa kabisa, na vidole vinaendelea kuweka alama.

Rekodi ya mwisho ilipofika jamu ilikuwa nyeusi na nzito, mwiko unasimama wenyewe. Radovan aliweka alama, akasikiliza, akaweka nyingine. Kisha akaganda.

"Kuna maneno baada ya sentensi," alisema polepole. "Sikuwahi kujua. Mimi niliona pumzi tupu hapa, nikakata mpaka mwisho."

Alivua hedfoni akamkabidhi Bohdana, akachukua mwiko kutoka mkononi mwake. Bohdana alizivaa, akabonyeza. Zdena alisoma sentensi kuhusu bei ya viazi, kwa ile sauti ya stendi, akihema baada ya kila neno. Ikafuata kimya na pumzi, pumzi nyingi. Halafu, kwa sauti ya chini, isiyo ya kutangazia mtu: "Umechoka, Rado. Inatosha. Nenda kakae."

Bohdana alivua hedfoni. Yeye aliyekuwa anakata roho ndiye aliyemwambia mzima kwamba amechoka. Akamshika tu bega Radovan, aliyekuwa anakoroga.

"Hayo usiyatie kwenye sauti," alisema Radovan.

"Siyatii. Ni yako."

Usiku huo huo, hapo hapo kibandani, maelekezo yalikuwa na hatua tatu, kila moja ikiomba kwa jina kile kilichotoka katika ile iliyotangulia, na asubuhi ya Ijumaa taa ilikuwa ya kijani. Mmoja wa wakubwa wa mradi, mtu mgumu kusifu, aliandika "safi" na nukta.

Radovan alikuja Brno naye, na basi la kwanza, ana mtungi wa jamu mapajani. Hakusema anakuja kufanya nini, na Bohdana hakumuuliza. Kwa mzee Hlavinka alivua viatu, akasalimia, akabaki amesimama kizingitini na mtungi wake, soksi moja imetoboka kidoleni. Bohdana alimtambulisha kuwa ni mtu wa mradi, aliyesaidia.

Mzee Hlavinka hakuvaa hedfoni. Aliiacha sauti itoke kwenye spika ili wageni nao wasikie. Alibonyeza. Zdena akasoma hali ya hewa ya Moravia kusini: mvua asubuhi, mchana jua litatoka, upepo wa kaskazini. Hakuhema hata mara moja. Alisema "asante kwa kusikiliza" na asante hiyo ikafika mpaka mwisho wake.

Mzee aliinamisha kichwa. Bohdana alijikuta ameshika kiti kwa mikono miwili.

"Ndiye," alisema mzee. "Ndiye kabisa. Ila leo anamaliza maneno yake." Akatabasamu kuelekea spika. "Ulikuwa wapi, bibie? Nusura nipewe mtu wa Prague."

Zdena akaendelea na habari za barabara. Radovan alikuwa bado amesimama kizingitini, hajaingia wala hajatoka, na mtungi wa jamu ameukumbatia kifuani. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kwenye ndevu, na kwa kuwa mwenyeji haoni, hakujisumbua kuyafuta. Lakini mzee alikuwa ameshageuza sikio upande wa mlango.

"Na wewe bwana, mbona umesimama muda wote huo? Nasikia mbao zinalia chini yako. Njoo ukae." Alivuta kiti cha pili kutoka chini ya meza. "Huyu ataendelea mpaka jioni. Huyu hachoki."

Radovan alimtazama Bohdana, kisha spika. Akaingia, akaweka mtungi mezani, akakaa.